Usichange hela ya geti: njia ya pwani na usalama wa mtaa (uzoefu wa Tanga)

Mkuu, nimelisoma swali lako lote. Kwa walioingia sasa hivi: jamaa kanunua kiwanja Tanga mjini, karibu na bahari. Hata msingi hajachimba, majirani wameshamfuata achangie geti la kufunga uchochoro unaoshuka pwani. Hoja zao ni wizi na uchafu. Anauliza achange au asichange, na kama ajenge ukuta wa mawe upande wa maji.

Naishi Sahare, mtaa wa pwani hapa hapa Tanga, nyumba ya familia. Hela ya geti usitoe. Ukuta nao usijenge, ila huo nitauelezea huko chini maana una sheria zake.

Kwetu geti lilishawahi kuwekwa. Waliolipigania hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameibiwa, mmoja pampu ya maji, mwingine nguo zote kambani mpaka mashuka. Wakachanga, akaitwa fundi wa kuchomelea, geti likasimama na mlinzi akawekwa. Mwanzoni palitulia. Halafu wizi ukarudi, safari hii kwa upande wa bahari.

Angalia maji yetu yanavyokwenda. Siku za bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Tanga bahari hujaa mnamo saa kumi na kitu, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Na ikipwa inakwenda mbali kweli. Kwa hiyo saa tano usiku, wakati wewe umeshalala au unamalizia tamthilia, mtu anatembea kwa miguu kutoka mtaa wa tatu, anazunguka ukuta wowote ule na kuingia kwako kwa nyuma. Geti liko mbele, na mlinzi kaipa bahari mgongo.

Zamani huyo mtu angekutana na watu wa diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki. Hapa ndipo wengi wanaohamia ufukweni wanapokosea hesabu: wanamwona mvuvi kama mpita njia anayewachafulia mandhari. Kumbe diko halilali. Yupo anayetoka na ngalawa usiku, yupo anayerudi alfajiri, yupo anayelala ndani ya boti kulinda mashine yake. Kuna akina mama wanaongoja samaki wa kukaanga, na maji yakipwa asubuhi wanashuka wachokoa pweza na vijiti vyao. Wote wanajuana, wao na baba zao. Sura ngeni ikikatiza pale usiku inaulizwa, "We mtoto wa nani?" Swali hilo limezuia wizi kuliko kufuli lolote ninalolijua mimi.

Geti lilipofungwa, hao wakahamia diko jingine. Mchuuzi gani atabeba ndoo ya samaki kichwani azunguke mtaa mzima wakati njia ya mkato ilikuwepo tangu enzi za babu yake? Pwani ikabaki tupu, wakaja wengine kuishika. Wavuta bangi ndio walikuwa afadhali kati yao.

Wala suala si nguo kambani peke yake. Wenyeji wenzangu wanakumbuka miaka ya uvuvi wa baruti: unakunywa chai asubuhi, unasikia kishindo baharini. Milipuko ilipungua sana kuanzia 2016 hivi na kuendelea, vyombo kadhaa vya serikali vilipoamua kufanya kazi pamoja. Lakini askari hawezi kukaa kila ufukwe. Anayejua boti ipi imerudi na samaki waliovunjika mgongo bila alama ya wavu ni mtu wa diko, na ndiye atakayepiga simu, ikiwa bado anaona pwani ile ni yake. Ndiyo maana vikapewa nafasi kisheria vile vikundi vya BMU, vya wavuvi na wakazi wanaosimamia rasilimali za bahari katika eneo lao. Kabla hujachangia geti, mtafute kiongozi wa BMU ya hapo, mnywe kahawa.

Geti letu liliondolewa kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kwa kelele nyingi sana. Kilichoamua hakikuwa kelele. Mtendaji alikuja na mchoro wa mipango miji, na ule uchochoro ukaonekana pale kama njia ya umma. Ikishakuwa hivyo, wakazi hawana mamlaka ya kuifunga hata wakikubaliana wote kwa sauti moja. Mtaa unaweza kupendekeza, lakini sheria ndogo hutungwa na halmashauri. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni ofisi ya mtendaji wa mtaa: omba kuoneshwa mchoro, usiridhike na maneno ya dalali.

Na mkutano nenda mwenyewe. Wenye nyumba za ghorofa hupenda kumtuma kijana wa kazi, kisha wanalalamika mwenyekiti anawapendelea wavuvi. Mwenyekiti kachaguliwa na watu, uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, na wapiga kura wengi walishuka kituoni na harufu ya dagaa mikononi. Unategemea awasikilize nani?

Baada ya geti kuondoka tulifanya mambo madogo tu. Taa ya sola juu ya nguzo pale diko. Namba ya simu ya kiongozi wa BMU kwa kila nyumba, na zetu kwake. Vijana wa ulinzi shirikishi, majina yao yakafikishwa kwa polisi kata. Wizi haujaisha, nisikudanganye, ila umepungua, na wanaokamatwa wanakamatwa upande wa pwani. Kinachosumbua ni posho. Mwezi wa kwanza watu wanatoa, wa tatu wanaanza kuzima simu. Pia muelewane mapema na hao vijana: mwizi akikamatwa anapelekwa kituoni. Mtaa unaozoea kupiga watu siku moja utampiga mgeni wako.

Sasa ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu eneo hilo hilo, pamoja na mikoko na matumbawe, litangazwe kuwa ardhi hatarishi. Utasema mbona fulani kajenga mpaka majini. Kajenga, ndiyo, na siku wasimamizi wa mazingira wa serikali wakimfikia hilo litakuwa lake.

Weka sheria pembeni, uangalie mchanga. Kuna jirani, nyumba kadhaa kutoka kwetu, alijenga ukuta wa mawe wima. Wimbi likigonga ukuta wa namna hiyo halitulii kama linavyotulia kwenye mteremko wa mchanga. Linarudi na nguvu zake, linachimba mbele ya ukuta. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, mchanga unasafiri kuelekea kaskazini sambamba na pwani, na ukuta uliochomoza unaukatisha njia. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na ufukwe wa kuvutia ngalawa. Sasa hivi mizizi ya minazi iko nje, na mzee mwenye minazi hasalimiani na mwenye ukuta. Wa kulaumiwa unaweza kuwa wewe, na hujakaa hata Idi moja.

Kama mbele ya kiwanja chako kuna mikoko, basi ukuta unao tayari, tena unaojitengeneza wenyewe. Mizizi yake inavunja nguvu ya mawimbi na kushika tope. Usiikate ili uone bahari ukiwa barazani. Mikoko ni misitu ya hifadhi, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kukata bila kibali ni kesi. Kuna watu hukata usiku usiku, mti mmoja mmoja, wakidhani haionekani. Wachokoa kaa wanaona yote.

Kuhusu uchafu, majirani zako wanamtupia mvuvi lawama isiyo yake. Zipo nyavu kuukuu na vichwa vya samaki, sawa. Lakini nenda pwani asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika uangalie kilichopo: chupa za maji, nepi, makopo, vile vifuko laini vinavyofungia karanga na barafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua, lakini takataka nyingine zinashuka na mitaro kutoka mitaa ya juu. Geti la uchochoro halizuii mtaro. Hela hiyo ingenunua wavu wa chuma wa kuweka mdomoni mwa mtaro na kumlipa mtu wa kuusafisha kila mvua inapokatika. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri, ila nimechoka kuokota chupa ambazo zingeweza kunaswa hatua mia mbili juu.

Mwisho, kabla fundi hajaweka hata kigingi, usikubali kupimiwa siku za maji mafu, zile ambazo bahari haijai sana, maana bahari itaonekana iko mbali na dalali atakupigia makofi. Njoo siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ukae pale saa kumi na moja jioni, uweke alama maji yalipofika. Anza kuhesabu mita zako 60 kutoka hapo. Na mwambie fundi asithubutu kuchota mchanga wa pwani kwa zege, chumvi yake itafanya nondo zako zote ziliwe na kutu.