Chasi ya kinanda kuwa ampli ya gitaa: pima hita kwanza

Msomaji aliyeko Marekani ameuliza kwa nini EL84 zake (valvu za nguvu zinazoendesha spika) zinawaka wekundu kwenye sahani, yaani bati la ndani linalopokea elektroni. Alichomoa chasi kwenye kinanda cha umeme cha Hammond cha miaka ya 1960 (huko vinanda hivi mara nyingi hutolewa bure, gharama ni kubeba), akaondoa valvu asizozitaka, akabakiza EL84 mbili na kuongeza 12AX7 tatu, valvu ndogo za kukuza sauti ya gitaa. Hita, nyuzi zinazopasha valvu joto, zinasoma volti 7.1 badala ya 6.3.

Transfoma ile ilikuwa inalisha kinanda kizima. Ukipunguza walaji, volti zinapanda, za hita na zile kubwa za sahani pia. Kwa hiyo kabla ya kuwaza toni, chomeka valvu utakazotumia tu, pima, kisha piga hesabu. EL84 moja inakula ampea 0.76 za hita, 12AX7 ampea 0.3. Jumla yake ni ampea 2.42. Kushusha volti 0.8 kunahitaji omu 0.33, basi weka rezista ya omu 0.15 ya wati 5 kwenye kila waya wa hita. Itabaki kama volti 6.4, na hiyo inatosha kabisa. Usiweke rezista moja upande mmoja, utaharibu mizani ya hita na kukaribisha mvumo.

Sasa wekundu. EL84 inavumilia wati 12 kwenye sahani, basi. Pima volti juu ya rezista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) inayotumiwa na zote mbili. Ikiwa ni omu 130 na unapata volti 10.4, hiyo ni miliampea 80, yaani 40 kila valvu. Toa kama miliampea mbili za skrini, gridi ya pili ya valvu. Kati ya sahani na kathodi kukiwa na volti 290, ni wati 11, salama. Kukiwa na 330, ni wati 12.5, umevuka. Weka rezista ya kathodi ya omu 150 na upime tena.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi, kisha toa chaji ya kapasita za umeme kwa rezista ya 10k ya wati 5 yenye waya uliofunikwa vizuri, hadi mita isome chini ya volti 5. Makopo ya kapasita hizo yabadilishe yote. Baada ya miaka sitini yamekauka, hata yale yasiyovimba. Kata ile kapasita ndogo inayotoka kwenye waya wa umeme hadi kwenye chasi, maana ikishoti chasi yote inakuwa na umeme, na nyuzi za gitaa pia. Funga waya wa nyuzi tatu, ethi kwenye bolti yake peke yake, fyuzi kwenye laivu. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti.

Transfoma ya spika ipime ikiwa imetengwa na saketi. Pitisha volti 6.3 za AC kwenye ncha mbili za sahani, soma upande wa spika. Ukipata 0.2, uwiano ni 31.5, na spika ya omu 8 inaonekana kwa valvu kama omu 8k. Ndicho EL84 mbili zinachotaka.

Hatua ya mwisho ya kinanda iache ilivyo, jenga mbele yake tu: rezista ya 68k kwenye gridi (mlango wa sauti wa valvu), 1M kwenda ethi, 100k kwenye sahani, 1.5k na maikrofaradi 22 kwenye kathodi. Kapasita za kuunganisha za kinanda ni kubwa kwa ajili ya besi ya kanyagio. Gitaa halizihitaji, weka ya maikrofaradi 0.022 ya volti 630 la sivyo besi itakuwa uji.

Anayerudi nayo nyumbani Afrika Mashariki ajue transfoma ya volti 117 ya hezi 60 inapata joto zaidi kwenye hezi 50. Tumia transfoma ya kushushia, na iguse ile ya ampli baada ya saa moja uone joto lake.

Ukibadilisha transfoma ya spika na ampli ikapiga filimbi mara tu unapounganisha waya wa fidibeki (unaorudisha sehemu ya sauti kutoka upande wa spika hadi nyuma), hujaharibu kitu. Badilishana nafasi za zile waya mbili za sahani.