Bastola ndogo ya mkeo: mwache yeye aishike kwanza

Wanaume wengi nikiongea nao habari ya bastola ya mke swali la kwanza ni lile lile, ipi ndogo kabisa na nyepesi kabisa, ikae kwenye mkoba asiisikie. Naelewa linakotoka, mkeo unampenda na hutaki atembee na mzigo. Ila kwenye rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, hapo ndo panapoharibika, na nataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu mimi na mama watoto tumelipitia hapa Dodoma na leo ana ya kwake, anaipiga vizuri na haiogopi.

Mke wangu ananunua mahindi na alizeti, msimu ukifika yuko Kibaigwa na vijiji vya huko, na wakulima wengi bado wanataka hela mkononi hata kama simu wanazo. Kabla ya kufikiria silaha tulipunguza kwanza keshi, malipo makubwa yanapita benki, usiku hatembei barabarani, dereva ni mmoja tunayemfahamu. Anzeni na hayo jamani, maana bastola haiwezi kuziba mipango mibovu.

Halafu kuna leseni, hapa naomba msiparuke. Leseni ya silaha ni ya mtu, sio ya nyumba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 bastola iliyoandikwa jina la baba haigeuki ya mama eti kwa sababu mnaishi pamoja, kwahiyo usinunue kwa jina lako ukampa aweke kwenye mkoba, siku akisimamishwa njiani mmeingia kwenye kesi wote wawili. Ombi liwe lake, alianze mwenyewe kuanzia serikali ya mtaa lipande mpaka polisi, na ahojiwe yeye, kwanini anaitaka na ataitunza wapi. Inachukua muda. Muda huo mtafutieni mwalimu kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika.

Sasa tuje kwenye rivolva zenyewe. Hizi ndogo za kubeba nyingi zina mtutu wa inchi 2 hivi na silinda ya risasi 5. Smith & Wesson 642 ina bodi ya alumini, uzito gramu 400 na kidogo. Ruger LCR ya .38, hiyo namba ni saizi ya risasi, ni karibu gramu 380. Kuna Smith & Wesson 340PD yenye silinda ya titani, hiyo inacheza kwenye gramu 330, ukiishika dukani unaona kama mwanasesere na kila mtu anaipenda papo hapo. Tatizo ni kwamba nguvu ya risasi inabaki ile ile, na bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo mshindo wote, ule msukumo wa kurudi nyuma, unavyoishia kwenye kiganja, hakuna chuma cha kuumeza. Mke wangu alipoanza kujifunza alipewa nyepesi ya namna hiyo, akapiga silinda moja, akaiweka mezani taratibu mtutu ukitazama mbele kama alivyofundishwa, akafungua mkono akaangalia ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, imekuwa nyekundu. Akasema "Baba Neema, hii inaniuma, sitairudia." Mwalimu hakubishana naye, akamletea Ruger SP101 ya chuma kitupu, ndogo vilevile ila ina gramu 700 na ushee, risasi zile zile za .38. Akapiga silinda ya kwanza, akaomba risasi nyingine mwenyewe.

Hapo ndo palinifungua macho, kwa sababu silaha inayouma hafanyii mazoezi mtu, na asiyefanya mazoezi siku ya siku itamtoka mkononi. Bora abebe gramu 300 za ziada kuliko abebe kitu anachokiogopa.

Mtauliza .357 Magnum je. Rivolva ya .357 inapiga na .38 Special pia, kinyume chake haiwezekani, maana ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 hivi, liliongezwa makusudi lisiingie kwenye bastola za .38. Kwahiyo kununua ya .357 ukailisha .38 ni uamuzi mzuri kabisa, bodi yake imejengwa kwa nguvu kubwa na uzito unasaidia, ndivyo mke wangu anavyofanya. Ila kumjazia mtu .357 zenyewe kwenye bastola nyepesi ni kumtesa, sikushauri hata kwa mwanaume. Mazoezini tafuteni za .38 zenye kichwa bapa, wadcutter, nyingi zinapakiwa kwa nguvu ndogo na zinatoboa karatasi tundu safi la mviringo, mtu anaona alipopiga bila kukodoa.

Na kama mkono una shida, tuseme baridi yabisi, kuna LCR ya .22 inayobeba risasi 8. Haina mshindo wa maana. Upungufu wake ni kwamba risasi za .22 zinagoma kuwaka mara nyingi zaidi ya za .38, japo rivolva ina uzuri wake hapo, ikigoma unavuta tena triga silinda inaleta nyingine. Mazoezini lakini ikigoma usiifungue haraka, shikilia mtutu mbele usubiri kidogo, inaweza kuchelewa kuwaka.

Triga ndo kipimo ambacho wengi hawakiangalii dukani. Bastola ikiwa imethibitishwa haina kitu, silinda nje, kila mmoja ameangalia matundu yote kwa macho yake, mwombe muuzaji ruhusa avute triga taratibu akilenga ukuta salama. Triga ya rivolva ni nzito, inaweza kufika kilo 5, na ni ndefu. Tazama kidole chake: kama kinafika kwa ncha tu inabidi auzungushe mkono ndo avute, kishikio ni kikubwa kwake, na mtutu utayumba kila risasi. Kishikio kinabadilishwa, kiungo cha kwanza cha kidole kikilala vizuri juu ya triga mmeshapata saizi. Na mfundisheni mapema kidole kisivuke mbele ya silinda, pale kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu moto unatoka pembeni, unachana ngozi.

Nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake, chagueni iliyofichwa ndani au iliyokatwa ncha. Iliyochongoka inanasa kitambaa, na akina mama wetu wanavaa dera, wanajifunga khanga, wanabeba mikoba ya zipu.

Mkoba wenyewe siupendi. Kibaka wa bodaboda anachopora ni mkoba, sasa umempa na silaha. Mke wangu anavaa mkanda mpana wa tumboni wenye hosta, yaani mfuko wa bastola, inayofunika triga yote, chini ya nguo, na akivaa gauni lisilofaa basi siku hiyo haibebi, inabaki kwenye sefu. Ikiwa lazima mkoba, basi kuwe na mfuko wake peke yake, usiingie funguo wala rangi ya mdomo wala chenji, na mkoba usitoke mwilini.

Vumbi letu hili la Dodoma nalo lina mambo yake. Ukitoa silinda utaona kile kipande cha nyota kinachosukuma maganda nje, chini yake punje moja ya mchanga au baruti isiyoungua inatosha silinda ikakaza isizunguke. Mswaki wa zamani mkavu, pale chini ya nyota, kila akirudi safari. Mafuta tone moja tu maana mengi yanakusanya vumbi.

Nyumbani tuna watoto, kwahiyo sefu ya chuma imefungwa ukutani kwa bolti. Akiingia ndani inakwenda kwenye sefu kabla hajavua viatu. Na mjue wote wawili kwamba sheria inaruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, mwizi anayekimbia na simu yako mwache akimbie.

Kwenye iliyotumika kagueni hivi, ikiwa tupu: vuta triga mpaka mwisho uishikilie hapo hapo, kisha jaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Ikicheza sana kushoto kulia au mbele nyuma irudishe kwenye kabati lao hata kama bei ni nzuri. Tazama mtutu kwa tochi, tazama kama kuna skrubu zilizochubuliwa na bisibisi, na namba ya bodi ilingane na ya kwenye makaratasi, tarakimu kwa tarakimu, asome yeye mwenyewe kwa sauti kabla hamjatoa hela.