Programu ilikula nguzo moja: kuunga picha za Beit el-Ajaib

Nilidhani kazi imekwisha. Picha saba nilizopiga Forodhani mwaka 2011 zilikuwa zimeungana na kuwa moja ndefu, Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, Zanzibar, nzima kutoka kona hadi kona, nikampelekea mjomba aione. Yeye kakulia Shangani. Aliitazama kimya, kidole kikipita taratibu kwenye baraza ya chini.

"Mwanangu, nguzo moja umeipeleka wapi?"

Nikahesabu. Kweli, haipo.

Kurudi kupiga upya hakuwezekani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Nilichonacho ni zile saba tu, nilizopiga ovyo kwa kamera ndogo ya mfukoni. Kama nawe una picha za namna hiyo, za mahali pasiporudi tena, haya niliyohangaika nayo yatakupunguzia usiku kadhaa wa kukesha.

Kwanza, ile nguzo. Programu ya kuunga picha hutafuta vitu vinavyofanana katika picha mbili jirani, kisha huzilaza moja juu ya nyingine mpaka vitu hivyo viangukiane. Ufukweni au mlimani haipati taabu, maana jiwe halina pacha. Lakini jengo hili la Sultan Barghash la mwaka 1883, lenye safu za nguzo za chuma zilizofanana kama zimetoka kalibu moja, ni mtego. Programu iliona nguzo katika picha ya tatu, ikaona jirani yake katika picha ya nne, ikadhani ni ile ile. Ikasogeza. Nguzo ikamezwa, na mwunganiko ukatoka safi kabisa, bila hata mshono wa kukushtua.

Hapo nikaachana na Photoshop, ambayo huunga vizuri lakini haikuruhusu kuingilia inapokosea kulinganisha, nikahamia Hugin, programu nyingine ya kuunga picha. Ni ya bure. Sura yake haivutii, nakiri, ila inakuonyesha kila alama iliyotumia kuoanisha picha, na unaweza kuzifuta. Nilifuta zote zilizokaa kwenye nguzo. Nikaweka zangu kwa mkono juu ya vitu visivyojirudia: doa la unyevu ukutani, dirisha lililofunguliwa nusu, pembe ya mnara. Jozi tano au sita za alama kwa kila picha mbili zilinitosha, mradi zisilundikane sehemu moja. Zitawanye juu na chini ya eneo ambalo picha mbili zinashirikiana. Kisha uiambie ikokotoe upya, na uangalie kosa la kila jozi kwa pikseli. Ile inayopotoka sana kuliko wenzake, ifute au uipange tena.

Tumia faili halisi zilizotoka kwenye kamera. Mara ya kwanza nilichukua nakala zilizopita WhatsApp, Hugin ikaniuliza upana wa eneo ambalo lenzi huona, kwa sababu taarifa hizo hufutwa njiani.

Halafu kuna suala la namna ya kutandaza picha. Ukichagua mtindo wa silinda, baraza zilizonyooka zinapinda kama upinde wa mshale. Kwa jengo chagua ule unaoacha mistari iwe minyoofu, lakini ujue kuwa kadiri picha inavyozidi kuwa pana ndivyo kingo zinavyovutika. Mimi nilikata kidogo pande zote mbili, na roho haikuniuma.

Kilichonishinda ni mitende ya mbele. Siku ile nilikuwa natembea hatua mbili tatu kati ya picha na picha, na ukihama, kilicho karibu huhama mbele ya kilicho mbali. Programu ikinyoosha jengo, mtende unakuwa miwili. Nilifunika mmoja kwa kuchora eneo la kuondoa katika picha moja, basi. Kwa hiyo ukipiga leo, simama palepale, geuka kama feni, na uzungushe kamera kwenye lenzi, si kwenye kiuno chako. Ishike wima. Kila picha irudie theluthi moja ya iliyotangulia. Na weka mipangilio ya mwanga na rangi kwa mkono kabla ya kuanza, isibadilike kati ya picha na picha. Kamera yangu ilijiamulia yenyewe, nikapata anga yenye mabaka kama shuka iliyofuliwa vibaya, na kusawazisha kulinila jioni nzima.

Jaribio la kwanza fanya kwa ukubwa mdogo. Kompyuta yangu ya zamani ilikwama mara tatu kabla sijalijua hilo.

Nguzo zimetimia sasa, mjomba kazihesabu mara mbili. Ila chini kulia kuna gurudumu la nyuma la baiskeli, bila baiskeli wala mwenyewe. Yule kijana alikuwa akipita. Nimeliacha.