Kabla ya Kumfananisha Popo na Chozi, Kaa Chini ya Msufi

Wiki hii kijana mmoja wa Wete ameniandikia kuniuliza namna ya kuwaeleza wageni tofauti ya popo wa Pemba na chozi wa Pemba, yule ndege mdogo anyonyaye utamu wa maua, na swali lake limenitonesha donda la zamani.

Msimu wangu wa kwanza wa kutembeza wageni nilisimama Kidike, chini ya miti iliyojaa popo, nikatamka niliyoyasikia tangu utotoni: kwamba popo ni ndege kipofu anayejiongoza kwa mwangwi wa sauti yake. Mgeni mmoja alinisahihisha kwa upole, lakini aliyenipa kazi hakuniita tena msimu mzima. Niliumia mno, kwani miongoni mwa wote tuliosimama pale mzaliwa wa Pemba nilikuwa mimi.

Mdogo wangu, usikimbilie kukariri. Kaa chini ya msufi uliochanua. Mimi nilikaa, na baada ya magharibi nikamwona popo akitua, uso mrefu kama wa mtoto wa mbwa, macho makubwa. Macho hayo na pua ndivyo vinavyomwongoza, kwa sababu mwangwi ni wa popo wadogo walao wadudu. Alizamisha uso ndani ya ua, akautoa umejaa chavua. Asubuhi, kwenye maua yale yale, akaja chozi dume, mwenye kung'aa kijani, akichovya mdomo wake uliopinda kutafuta utamu uliosalia. Huyu ana urefu wa sentimita 10 hivi, na yule akikunjua mabawa hufikia mita 1.6. Popo huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha aking'ang'ania kifuani; chozi hutaga ndani ya kiota kinachoning'inia, kilichofungwa kwa utando wa buibui.

Wote wawili hawapatikani popote duniani ila Pemba na visiwa vyake vidogo, lakini chozi tulimsifu kwa uzuri na popo tukamla. Mwaka 1996 popo huyu aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, na wanavijiji, wa Kidike wakiwemo, ndio waliosimama kulinda miti yake, hata ilipofika 2008 akashushwa daraja la hatari. Usimweleze mgeni mabawa ukaacha habari hiyo.

Misufi ikichanua, nenda kabla ya adhana ya magharibi, kaa kimya, na alfajiri urudi pale pale.