Miezi minne nilishindwa kusali: niliyojifunza nikiuguza mume

Mume wangu, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, alisafishwa damu kwa mwaka mmoja na miezi saba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara saa nne nzima amelala pembeni ya mashine, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba mapajani. Zamu yetu ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo saa kumi alfajiri tulikuwa macho, tukitafuta usafiri kutoka Kimara, hapa Dar es Salaam, kabla foleni haijaanza.

Ndani ya mkoba nilikuwa na rozari, shanga tunazosalia sisi Wakatoliki, fumbo moja baada ya jingine hadi la tano. Wiki za mwanzo niliisali yote, na Ijumaa niliyasali Matendo ya Uchungu, yaani mafumbo ya mateso ya Yesu, kwa bidii ya mtu anayedai deni lake. Baadaye nikawa naishia fumbo la pili. Kisha ukaja wakati wa kuishika tu mkononi bila neno hata moja. Hali hiyo ilidumu kama miezi minne, na sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu wasikose sala. Ningeanzaje?

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti kama kile leo.

Kwanza, ondoa hatia ambazo Kanisa lenyewe halijakubebesha. Nilijitesa sana kwa sababu ya Misa za Jumapili. Baada ya siku tatu za hospitali mume wangu alikuwa hawezi hata kupanda ngazi, na kumwacha peke yake niliogopa. Tukakosa Jumapili moja, ya pili, ya tatu. Nikaona tumeshaanza kuwa wapagani wenye kadi za ubatizo. Siku nilipoungama jambo hilo, paroko msaidizi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mama, nani alikwambia hiyo ni dhambi?" Mgonjwa hadaiwi Misa ya Jumapili, wala yule anayelazimika kubaki kumhudumia. Akanieleza na jambo ambalo miaka yote ya mafundisho yangu ya dini sikuwahi kulisikia: ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haiwabani wazee, wagonjwa na wanaowauguza. Imeandikwa kwenye Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919. Kwa hiyo mhudumu wa Komunyo akija nyumbani na umetoka kunywa chai sasa hivi, pokea.

Kwaresima nayo ilitaka kutugombanisha. Mume wangu alitaka kufunga Jumatano ya Majivu kama alivyofunga tangu ujana. Padre akacheka, akamwambia mfungo wako wewe ulianza kabla ya Majivu. Na kweli. Maji aliyapima kwa kikombe. Ndizi alikatazwa kwa sababu ya potasiamu, parachichi vilevile. Mtu wa Kibosho, kule Kilimanjaro, amezaliwa katikati ya migomba, anaambiwa asile machalari, ndizi za kupika za kwao! Siku ile daktari aliposema hivyo ndipo nilipomwona akitokwa machozi, na wala si siku tuliyoambiwa figo zote mbili zimekufa. Mnaouguza, msidharau huzuni ndogo kama hizi. Huwa ndizo zinazomfikia mgonjwa kwanza.

Sasa niseme la Mpako Mtakatifu, maana hapa ndipo nimeona familia nyingi zikipoteza neema kwa hofu tu. Nilipotaka kumwita padre aje ampake mume wangu mafuta, mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kutusaidia, alisimama mlangoni akaniuliza: "Mwanangu ameshakufa hata mmemwitia padre?" Simlaumu. Kizazi chake kilikua kikiona padre anafika na mafuta mtu akiwa anakata roho, na kesho yake kengele inalia. Jina lenyewe lilikuwa Mpako wa Mwisho. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulisema wazi kwamba sakramenti hii si ya walio katika dakika za mwisho peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya: mgonjwa hupakwa kwenye paji la uso na kwenye mikono, na anaweza kupakwa tena hali ikizidi kuwa mbaya. Anayeingia upasuaji mkubwa kwa ugonjwa wa hatari anaweza kuupokea. Mzee aliyeishiwa nguvu anaweza, hata kama hana ugonjwa maalumu.

Nilimsomea mama mkwe Yakobo sura ya tano, pale panaposema, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Hawezi, mama, haijasemwa amekufa. Akanyamaza. Padre alipokuja, yeye ndiye aliyetandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mshumaa.

Sitakudanganya kwamba figo zilirudi. Mume wangu alilala usiku ule usingizi wa kweli, wa kwanza baada ya majuma mengi, na asubuhi akaomba uji. Aliupokea mpako mara tatu hadi mwisho, na mara ya tatu mama mkwe ndiye aliyeniambia nipige simu parokiani.

Mambo madogo ya kukumbuka: anayepaka mafuta ni padre tu, au askofu. Katekista hawezi, shemasi hawezi. Komunyo inaweza kuletwa na mhudumu aliyeruhusiwa. Mgonjwa akilazwa, usidhani parokia itajua yenyewe, piga simu. Uliza wauguzi kama kuna padre anayehudumia hospitali hiyo, na umwite wakati mgonjwa bado anaweza kuongea, kuungama na kumeza. Ukisubiri hadi chumba cha mahututi, utapata mpako lakini utakosa maungamo. Na tafadhali, mafuta haya hayauzwi kwenye chupa wala hayatangazwi redioni. Hubarikiwa na askofu kwenye Misa ya Krisma, na kupakwa ni bure.

Nimetaja redio. Jirani mmoja mwenye nia njema kabisa alituletea namba ya mtumishi fulani, ambaye alimwambia mume wangu kwamba mashine ile ni alama ya kukosa imani, aache kwenda, apokee uponyaji. Tulikuwa tumechoka kiasi kwamba usiku ule tulijadiliana kweli. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi akiacha kusafishwa damu, maji na sumu vinamjaa mwilini, na haichukui muda mrefu. Asubuhi tulikwenda hospitali kama kawaida. Njiani mume wangu akasema, "Huyu mtumishi ana miwani. Mbona macho hajayaponya?" Tulicheka hadi kondakta akageuka kututazama.

Turudi kwenye ile rozari iliyokuwa kimya.

Jumamosi moja asubuhi jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya Marko sura ya pili, ya mtu aliyepooza. Watu wanne wamembeba, mlango umejaa watu, wakapanda darini, wakatoboa, wakamshusha na godoro lake. Nimeisikia Injili hiyo tangu nikiwa mtoto. Siku ile nikasikia maneno mawili, pale Yesu alipoiona "imani yao". Yao. Imani ya yule mgonjwa haikutajwa popote. Pengine alikuwa nayo, pengine alikuwa amelala pale anawaza kama mimi kwamba haya yote yana faida gani. Hakuulizwa. Walioulizwa kwa matendo ni wale wanne, na jasho lao, na dari ya watu waliyoiharibu.

Tulipofika kwenye rozari nikapewa fumbo la tatu niongoze. Nikaanza "Salamu Maria, umejaa neema", sauti ikakatika. Bibi mmoja, mkongwe kuliko wote pale, akaipokea bila hata kufumbua macho, akaendelea na Salamu zote kumi kama vile ndivyo ilivyopangwa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Baada ya sala nilimfuata yule bibi jikoni nikamwambia ukweli wote, miezi yote minne. Akasema, "Sasa si ungesema! Tutasali sisi, wewe kaa tu."

Huo ndio ushauri wenyewe, nisingekuwa na mwingine. Ukishindwa kusali, mwambie mtu mmoja akusalie, na umwambie kwa jina la tatizo: sisali tena, sioni kitu. Usiendelee kuigiza. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wamezisisitiza tangu miaka ya sabini, zimekuwepo kwa ajili ya hili hasa, japo siku hizi wengi tunazijua kwa michango na barua ya kupata ubatizo wa mtoto.

Na ukiomba msaada, omba unaoshikika. Nilikuwa naandika kwenye kundi la WhatsApp "mtuombee", napata viganja arobaini vya kusali, basi. Nilipoandika "Jumatano sina wa kumsindikiza, mtoto ana mtihani", wanaume watatu wa jumuiya walijitokeza. Waligawana Jumatano hadi mwisho. Mmoja wao ni bodaboda ambaye hata Misani simwoni sana.

Kwa upande wa wanaotembelea wagonjwa nina maneno machache. Usiseme "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Mimi nilikuwa siuwezi. Usisimulie habari za shangazi yako aliyekuwa na ugonjwa huohuo akafa. Usiseme "ni mapenzi ya Mungu" wakati mwenyewe unaondoka saa hiyohiyo kwenda kula kwako. Mtawa mmoja aliyekuwa akipita wodini alikuwa na njia yake: anakaa, anamkata mgonjwa kucha, anazungumza habari za mpira. Siku moja tu alituhubiria, na alituhubiria habari za Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Sote tunamjua kwa picha yake na mawaridi. Lakini alipokuwa anakufa kwa kifua kikuu mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa ameishi mwaka na nusu hivi katika giza la imani, mbingu aliyoizoea imefungwa kama ukuta. Aliwaonya hata masista wenzake wasiache dawa yenye sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali. Mtakatifu huyo! Mume wangu aliomba ile picha ibandikwe pembeni ya kitanda.

Alifariki Alhamisi, siku ambayo hatukuwa na zamu. Tulimsafirisha, akazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la kwao, na matanga yakaanuliwa. Watu walikuwa wengi, rambirambi zilikuwa nyingi, kwaya iliimba vizuri. Sikumbuki mengi.

Ninayokumbuka ni ya baadaye, Dar es Salaam, nyumba ikiwa kimya. Wajane wenzangu watanielewa: mwezi wa kwanza unabebwa na watu, mwezi wa tatu unauona mwenyewe. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi alfajiri nilikuwa macho, nimeshashusha miguu kitandani, ndipo nakumbuka kwamba hakuna tunakokwenda. Nilikuwa na hasira na Mungu, hasira ya kupigia meza. Niliipeleka kwenye kitubio. Padre hakunikemea. Alinipa malipizi ya kusoma Zaburi ya 88, nikaisoma nikitafuta ule mstari wa mwisho wa faraja ambao zaburi huwa nao. Haupo. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Nilirudi kumuuliza kama amekosea namba. Akaniambia Kanisa husali zaburi hiyo kila Ijumaa usiku, katika sala ya kufunga siku. Kwa hiyo kila wiki, mahali pengi duniani, mapadre na watawa wanalala na neno hilo mdomoni, na hawajaacha kuamini. Martha naye alimwambia Yesu usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yesu hakumkaripia. Alilia machozi, akaenda kaburini.

Sala ya kwanza iliyonirudia haikuwa yangu, ilikuwa ya marehemu: raha ya milele umpe, ee Bwana. Ni fupi, unaweza kuisema ukiwa unaosha vyombo. Nadhani ilirudi kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya. Mwezi wa Novemba nilijifunza kazi nyingine. Kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kama ni moyoni tu, anaweza kuwapatia walio toharani, yaani marehemu wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote iliyobaki ya dhambi, kwa masharti ya kawaida ya kuungama, kupokea Komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, akiwa ameikataa dhambi yoyote. Kibosho ni mbali na nauli ni nauli, kwa hiyo mwaka ule nilikwenda kwenye makaburi ya hapa Kimara, nikasimama kati ya watu nisiowajua. Niliomba Misa kwa ajili ya mume wangu siku ya kumbukumbu yake, nikaongeza nia ya pili kwa ajili ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyetutangulia na ambaye sikuona ndugu yake hata mmoja.

Rozari sasa naisali. Kuna siku inaishia fumbo la pili.

Mwezi uliopita mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ameanzishiwa kusafishwa damu. Mkewe ana presha, hawezi foleni. Nimeandika jina langu kwenye Jumatano. Saa kumi alfajiri niko macho hata hivyo.