Sarafu ya baharini isuguliwe?

Swali: Shikamoo anko, mjomba wangu hapa Bagamoyo kanasa sarafu ya dhahabu kwenye nyavu, ina kutu nyekundu, tuisugue na stilwaya?

Jibu: Marahaba, weee acha kabisa! Dhahabu haishiki kutu bwana, huo wekundu ni chuma cha meli kimeigandia, na dhahabu ni laini ukiisugua unaichubua na thamani ndo imekwenda. Zile za meli ya SS Central America, ilozama 1857 huko Marekani, dhahabu yake ikaanza kuopolewa 1988, uchafu waliuyeyusha kwa dawa, hawakusugua. We iweke kwenye maji safi tu, halafu ripoti Idara ya Mambo ya Kale ya serikali, maana sheria ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863. Sonara msimpelekee, ataiyeyusha iwe hereni!