Fundi Anajibu: Herufi moja ilinipandisha mlimani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la kompyuta hapa Soni, wilayani Lushoto. Intaneti yangu naipeleka hadi shule moja iliyo kilimani, kama kilomita sita, kwa madishi mawili ya MikroTik LHG 5. Mwezi uliopita kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi aliondoka, nikaamua kubadilisha paswedi ya linki. Nikiwa dukani nikaingia kwenye dishi la shuleni kwa Winbox, ile programu ya kupangilia vifaa vya MikroTik, nikaandika paswedi mpya, nikabofya OK. Linki ikakatika. Nikaweka paswedi ileile upande wa dukani, kimya. Kumbe kule nilikosea herufi moja. Ikabidi nipande bodaboda, kisha ngazi, na shule ikakaa bila intaneti kutwa nzima. Rafiki yangu ananiambia niache kubofyabofya, nitumie terminali, dirisha la kuandikia amri. Mimi kile kidirisha cheusi nakiogopa. Kitanisaidia nini?
Msomaji, Soni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari, na hongera kwa kukumbuka kubadilisha paswedi mtu alipoondoka. Wengi hawajali, na linki zao zimebaki wazi kwa kila aliyewahi kuzishika.

Rafiki yako amesema kweli. Kwenye terminali paswedi huiandiki mara mbili. Unaandika mstari mmoja kwenye Notepad, unausoma taratibu, kisha unaunakili ule ule pande zote mbili. Kama pande zote zinatumia profaili ya usalama (mahali paswedi ya linki inapohifadhiwa) iitwayo default, mstari wenyewe ni huu:

/interface wireless security-profiles set default wpa2-pre-shared-key="paswedi-mpya"

Ukikosea herufi, umeikosea pande zote mbili kwa namna moja, na linki inarudi. Ila kwenye paswedi hiyo usiweke alama ya dola, alama ya kuuliza wala alama za kunukuu. Terminali ya MikroTik ina maana zake kwa alama hizo, na itakachohifadhi sicho ulichokusudia.

La pili ndilo ningependa kila fundi wa vijijini alijue kabla hajagusa kifaa cha mbali. Ukiwa ndani ya terminali ya dishi la shuleni, bonyeza Ctrl na X. Utaona neno SAFE limetokea kwenye mstari. Kuanzia hapo kila unachobadilisha ni cha muda. Mawasiliano yako na dishi yakikatika yasirudi, dishi lenyewe hufuta mabadiliko yote baada ya kama dakika 9 na kurudi lilivyokuwa. Siku ile ungekuwa umefanya hivyo, ungerudisha paswedi ya zamani dukani, ukakaa ukanywa chai, na linki ingerudi yenyewe. Winbox nayo ina kitufe cha Safe Mode pale juu, kazi yake ni hiyohiyo. Ni kwamba watu hawakitazami.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye kompyuta yako fungua programu iitwayo PuTTY, na humo madirisha mawili ya SSH, yaani terminali za kuingilia kifaa kupitia mtandao, moja la dishi la shuleni, moja la dishi la dukani. Anza na la mbali, siku zote la mbali kwanza, maana ukianza na la karibu hutafika tena kule. Bonyeza Ctrl+X, bandika mstari, Enter. Dirisha litaganda. Usilifunge! Nenda kwenye la dukani, bandika mstari uleule. Subiri dirisha la shuleni lizinduke, na likishazinduka bonyeza Ctrl+X tena ili mabadiliko yakae. Hapa ndipo watu wanapojikwaa: linki imerudi, wanafurahi, wanatoka kwa Ctrl+D, na Ctrl+D hufuta yote. Pia usifanye kazi ndefu ndani ya SAFE, kwa sababu dishi linakumbuka hatua 100 tu. Ukizipita linakutoa humo, na kinga imekwisha.

Kuhusu weusi wa kioo, anza kwa kusoma tu. Amri zinazoishia na print hazibadilishi kitu, ziandike hata mara hamsini. Ukisahau neno, andika herufi za mwanzo ubonyeze Tab, limalizie lenyewe. Na kabla ya kazi yoyote andika /export file=kabla, upate nakala ya mipangilio. Faili hilo lihamishie kwenye kompyuta yako. Kama dishi lako bado lina RouterOS (mfumo unaoendesha vifaa vya MikroTik) toleo la 6, humo ndani paswedi zimeandikwa wazi, basi usije ukalirusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ukiomba msaada.

Amri ninayoipenda kuliko zote ni hii: /interface wireless registration-table print. Inakuonyesha nguvu ya mawimbi kutoka upande wa pili. Nilikuwa na linki iliyokuwa ikisoma -58 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Wateja walipoanza kulalamika nilibadilisha masafa, nikabadilisha hata dishi, wala sikuwa nimeandika popote ile namba ya mwanzo. Siku nilipoikuta kwenye ujumbe wa zamani wa simu, dishi lilikuwa likisoma -76. Katikati ya njia mikaratusi ya mtu ilikuwa imekua. Tukazungumza naye, akakubali tukate matawi mawili, ikarudi -60.

Huko kwenu miti inakua haraka kuliko huku kwangu. Leo jioni, kabla hujabadilisha lolote, iandike hiyo amri kwenye terminali za pande zote mbili na uandike namba zake na tarehe kwenye daftari la duka.